Jinsi ya Kuoanisha Nadharia za Ujifunzaji na Vifaa vya Kidijitali: Mwongozo kwa Mwalimu wa Nairobi

Katika shule nyingi za umma za Nairobi, kuanzia Dagoretti hadi Kayole, vifaa vya kidijitali si jambo geni tena. Tableti na vipakatalishi vilivyoletwa na serikali kupitia mpango wa ujuzi wa kidijitali uliozinduliwa mwaka 2016 vingalipo, ijapokuwa baadhi vimefungiwa kabatini; mwalimu ana simu yake; na mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Kinachokosekana mara nyingi ni uamuzi: kifaa hiki kitumike katika somo gani, kwa dakika ngapi, na kwa sababu gani. Uamuzi huo hupatikana kwa kufahamu jinsi binadamu anavyojifunza, yaani katika zile nadharia ambazo walimu wengi walizisoma chuoni kwa ajili ya mtihani na hawakupata nafasi ya kuzirudia.

Mwongozo huu unamsindikiza mwalimu kutoka kwenye andalio la somo hadi kwenye tathmini. Umeandikwa kwa kulizingatia darasa la kawaida la jiji hili: wanafunzi wengi, vifaa vichache, stima inayoweza kupotea katikati ya kipindi, na bando la intaneti ambalo mwalimu hulinunua kwa pesa zake mwenyewe.

Kabla ya hatua zenyewe, ni vyema kuukabili ukweli mmoja. Kuwapa watoto vifaa pekee hakuwafundishi. Ripoti ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba nchi zilizowekeza sana katika teknolojia ya shuleni hazikupata maendeleo ya kutajika katika matokeo ya kusoma, hisabati na sayansi. Nchini Peru, ambako serikali iligawa vipakatalishi vingi katika shule za msingi, tathmini iliyochapishwa mwaka 2012 haikuona ongezeko katika alama za hisabati wala za lugha. Hapa kwetu, utafiti uliofanyiwa Kisumu na kuchapishwa mwaka 2016 ulilinganisha njia tatu za kuinua usomaji katika madarasa ya chini: kumpa kifaa mwanafunzi, kumpa mwalimu, au kumpa afisa anayewatembelea walimu darasani. Njia ya gharama kubwa zaidi, ile ya kumpa kila mwanafunzi kifaa, haikuzipita nyingine kwa matokeo. Kwa upande mwingine, utafiti uliofanyiwa Delhi, India, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba programu iliyompima kila mwanafunzi kwanza, kisha ikampa maswali ya kiwango chake halisi, iliinua alama za hisabati na Kihindi kwa kiasi kikubwa katika muda wa takriban miezi minne na nusu. Kilicholeta tofauti ni kazi ambayo akili ya mwanafunzi ilipewa, na hapo ndipo nadharia inapohitajika.

Hatua ya kwanza: Andika kazi ya akili kabla ya kutaja kifaa

Chukua matokeo maalum yanayotarajiwa katika mada ndogo, halafu uandike kwa sentensi moja kile ambacho mwanafunzi atakuwa anafanya kichwani mwake. Usiandike kile atakachokuwa anafanya kwa vidole, wala kile utakachokuwa unafanya wewe. "Wanafunzi watatazama video kuhusu umeme" si kazi ya akili, kwa kuwa mtoto anaweza kuitazama video yote huku anawaza chakula cha mchana. "Wanafunzi wataeleza kwa nini balbu mbili zilizofungwa katika njia moja huwaka kwa mwanga hafifu kuliko balbu moja" ni kazi ya akili.

Vitenzi vyenyewe vitakuongoza. Orodha ya viwango vya kufikiri iliyotolewa na Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956, na kuhaririwa upya mwaka 2001, ingali na manufaa kwa jambo hili: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchanganua, kutathmini na kubuni ni kazi tofauti, na kila moja hudai mazoezi ya namna yake. Linganisha mifano hii mitatu. Wa kwanza ni kutumia upatanisho wa kisarufi wa ngeli ya KI-VI bila kusita. Wa pili ni kueleza jinsi umeme unavyopita katika saketi. Wa tatu ni kuandika wasifu wa mkazi mmoja wa mtaa wako. Tableti moja yaweza kutumiwa katika masomo yote matatu, ila itatumiwa kwa njia zisizofanana hata kidogo.

Hatua ya pili: Tafuta nadharia inayolingana na kazi hiyo

Hapa ndipo walimu wengi huharakisha, na ndipo ninapowasihi wakae kwa muda. Nadharia za ujifunzaji si vyama vya kisiasa ambavyo mtu hulazimika kujiunga na kimoja. Kila moja ilichunguza sehemu fulani ya ujifunzaji na kuieleza vizuri.

Nadharia ya tabia inahusu kile kinachojengwa kwa mazoezi mengi na mrejesho wa papo hapo. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alitembelea darasa la hisabati la bintiye mwaka 1953 akaona jambo ambalo mwalimu yeyote wa Nairobi analijua: watoto walikuwa wakifanya maswali mfululizo bila kujua kama wamepata au wamekosa, na majibu yakawafikia wakiwa wamechelewa. Muda mfupi baadaye alibuni mashine ya kufundishia iliyompa mwanafunzi swali dogo, ikamwonyesha papo hapo kama yuko sawa, kisha ikampeleka kwenye swali linalofuata kwa kasi yake mwenyewe. Mwalimu mwenye madaftari sitini mezani hawezi kutoa mrejesho wa namna hiyo, hata awe na bidii ya aina gani. Hapo kifaa kina faida ya wazi.

Chukua ngeli. Mwanafunzi wa Gredi ya 5 anaandika "kitabu kimepotea" bila shida, halafu anaandika "kiongozi kimefika" kwa sababu ameona herufi "ki" mwanzoni mwa neno. Programu rahisi ya maswali, hata ile unayoitengeneza mwenyewe kwa lahajedwali katika tarakilishi ya shule, inaweza kumpa maneno ishirini ya namna hii: kiti, kipofu, kisu, kiongozi, kikapu, kiziwi. Kila anapokosea, apewe jibu pamoja na sababu: kiongozi ni binadamu, kwa hiyo upatanisho wake ni wa A-WA. Sababu hiyo fupi ndiyo inayotenganisha zoezi la maana na mchezo wa kubahatisha. Epuka programu ambazo kazi yake kubwa ni kumwagia mtoto nyota na makofi, kwa kuwa mtoto hujifunza upesi jinsi ya kukusanya nyota bila kujifunza ngeli.

Nadharia ya utambuzi inatazama jinsi akili inavyopokea, kupanga na kuhifadhi habari. George Miller alieleza mwaka 1956 kwamba kumbukumbu yetu ya muda mfupi hubeba vitu vichache sana kwa wakati mmoja, na mwaka 1988 John Sweller wa Australia akaonyesha jinsi mzigo unaozidi uwezo huo unavyozuia ujifunzaji. Nadharia hii ndiyo itakayokuongoza katika kuandaa slaidi, video na maelezo, na nitairudia katika hatua ya tano.

Nadharia ya ujenzi wa maarifa, inayohusishwa sana na Jean Piaget wa Uswisi, inasema kwamba mtoto haji darasani akiwa mtupu. Huja na maelezo yake kuhusu ulimwengu, na maelezo hayo hayaondoki kwa sababu tu mwalimu ametoa mengine. Ni lazima mtoto ayaone yakishindwa, kisha ajenge mapya. Seymour Papert, aliyezaliwa Afrika Kusini na kufanya kazi na Piaget kule Geneva, alilipeleka wazo hili kwenye tarakilishi: mwaka 1967 yeye na wenzake walibuni lugha ya Logo ili watoto wajifunze hesabu kwa kuiamuru mashine, badala ya mashine kuwaamuru wao. Programu ya Scratch ambayo shule nyingi hutumia leo kufundishia usimbaji, yaani uandishi wa programu za tarakilishi, imetokana na ukoo huo.

Tahadhari ni muhimu hapa, kwa sababu nadharia hii hutumiwa vibaya kuliko zote. Kumwachia mwanafunzi asiye na msingi atafute kila kitu mwenyewe mtandaoni huku mwalimu akizunguka tu darasani si ujenzi wa maarifa. Mwaka 2006 Paul Kirschner, Sweller na Richard Clark walitoa makala yaliyojadiliwa sana, wakishikilia kwamba anayeanza kujifunza jambo huhitaji mwongozo wa karibu na mifano iliyofanyiwa kazi kikamilifu. Nakubaliana nao. Mtoto aongozwe kwa ukaribu mwanzoni, na uhuru uongezeke kadiri msingi unavyoimarika.

Nadharia ya kijamii na kitamaduni ya Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 37, inaweka uzito kwenye lugha na kwenye msaada wa mtu anayejua zaidi. Inatwambia tufundishe katika lile pengo lililo kati ya kile ambacho mtoto anakiweza peke yake na kile anachokiweza akisaidiwa. Kwa mwalimu wa Nairobi ina funzo la moja kwa moja kuhusu lugha. Sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, programu nyingi ziko kwa Kiingereza, lakini watoto wa Eastleigh, Mathare au Kawangware hufikiri na kubishana kwa Kiswahili, kwa Sheng au kwa lugha za nyumbani. Waache wabishane mbele ya skrini kwa lugha inayowatoka kwa urahisi, kisha waandike ripoti kwa lugha ya somo. Ukizima mabishano kwa ajili ya lugha, umezima na fikira.

Ipo pia nadharia ya muunganisho, iliyopendekezwa na George Siemens katikati ya miaka ya 2000, inayoyaona maarifa kama mtandao wa watu na vyanzo. Inawafaa walimu wenyewe katika makundi yao ya WhatsApp kuliko inavyomfaa mtoto wa Gredi ya 5.

Ukikutana na muuzaji anayedai kwamba programu yake humtambua mwanafunzi wa kuona, wa kusikia na wa kugusa, kisha humfundisha kila mmoja kwa mtindo wake, usimlipe kwa ajili ya sifa hiyo. Mapitio ya utafiti yaliyofanywa na Harold Pashler na wenzake mwaka 2008 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba kufundisha kwa kulinganisha na mitindo hiyo huboresha matokeo.

Hatua ya tatu: Kagua vifaa vilivyopo, si vile unavyovitamani

Nenda kabatini ukaandike orodha. Shule zilizofikiwa na mpango wa serikali zilipewa tableti za wanafunzi, vipakatalishi vya walimu, projekta, na seva iliyounganishwa na ruta. Hiyo seva husahauliwa mara nyingi, ilhali ndiyo yenye thamani kubwa zaidi kwa mwalimu asiye na bando: huwezesha tableti kupokea faili kupitia Wi-Fi ya ndani ya darasa bila intaneti yoyote. Betri za tableti hizo zimezeeka, kwa hiyo zichaji zote, ziwashe, na uandike kila moja inadumu kwa muda gani. Tableti inayozimika baada ya dakika kumi na tano bado inafaa kwa zoezi la dakika kumi.

Pakua kila kitu kabla ya somo. Usipange somo linalotegemea video kutiririka moja kwa moja kutoka mtandaoni. Programu za uigaji, zinazoiga majaribio ya sayansi kwenye skrini, za PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia, hupatikana bure. Nyingi zinaweza kupakuliwa kama faili moja inayofunguka katika kivinjari bila intaneti, na kadhaa zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Kolibri, programu ya masomo inayotolewa na shirika la Learning Equality, imetengenezwa mahususi kwa shule zisizo na intaneti ya kutegemewa. GeoGebra, programu ya hisabati, nayo hufanya kazi nje ya mtandao katika jiometri. Taasisi ya Kukuza Mitaala, KICD, ina maudhui yake ya kidijitali yaliyolinganishwa na mtaala wetu, na ni vyema kuanzia huko unapotafuta nyenzo za gredi fulani.

Kisha andika kando ya kila shughuli kile utakachofanya stima ikipotea. Ikiwa huna jibu, somo hilo halijawa tayari.

Hatua ya nne: Panga kipindi dakika kwa dakika

Nitatumia mfano mmoja kwa kina, kwa sababu ni katika mambo madogo ndipo somo husimama au huanguka. Darasa ni la Gredi ya 7, kipindi ni cha dakika 40, na mada ni saketi ya umeme. Mwalimu ana kipakatalishi kimoja na projekta. Kila kundi la wanafunzi sita lina seli kavu mbili, balbu mbili ndogo za tochi za volti 2.5, vipande vya waya na utepe wa gundi, vitu vinavyopatikana kwa bei nafuu katika maduka ya vifaa vya umeme ya Luthuli Avenue. Usinunue balbu za LED kwa somo hili, kwa kuwa huwaka tu zikielekezwa upande mmoja wa seli na zitawachanganya wanafunzi.

Dakika tano za kwanza ni za kubashiri. Chora ubaoni balbu mbili, A na B, zikifuatana katika njia moja kutoka kwenye seli. Uliza: ipi itang'aa zaidi? Kila mwanafunzi ainue kipande cha karatasi chenye herufi A, B, au S kwa maana ya sawasawa. Karatasi hizo hazihitaji chaji, na kwa mtazamo mmoja unajua darasa zima linafikiri nini. Wengi watainua A, wakiamini kwamba balbu ya kwanza "hula" umeme na kuiachia ya pili makombo. Hiyo ni dhana potovu inayojulikana duniani kote katika ufundishaji wa saketi. Usiikosoe bado.

Dakika tano zinazofuata, kila mmoja amtafute mwenzake aliyeinua herufi tofauti na wabishane. Njia hii ya kupiga kura, kujadiliana, kisha kupiga kura tena ilienezwa na Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard katika miaka ya 1990, na imejengwa juu ya mambo mawili tuliyoyataja: dhana ya awali ya mwanafunzi na nguvu ya mazungumzo.

Kisha dakika kumi na mbili za vitu halisi. Makundi yafunge balbu na kutazama. Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi havisemi, nalo linaweza kuliharibu somo zima: balbu za tochi hazilingani kikamilifu. Katika kundi fulani balbu A itang'aa kidogo zaidi, na watoto watashangilia kwamba walikuwa sahihi. Usiwaambie wamekosea. Waambie wabadilishane nafasi za balbu hizo, ile ya kwanza iwe ya pili. Wataona kwamba ile yenye mwanga mwingi imebaki na mwanga wake ingawa sasa iko mwishoni. Nyamaza uwatazame. Katika kimya hicho wazo la zamani linaanza kutikisika, na wao wenyewe ndio wanaolitikisa.

Sasa, na si mapema zaidi, washa projekta kwa dakika kumi. Katika kiigizi cha saketi cha PhET balbu zinalingana kabisa, na elektroni huonekana kama vidoto vya samawati vinavyozunguka njia nzima. Waulize wanafunzi waangalie: je, vidoto hupungua baada ya balbu ya kwanza? Je, hupunguza mwendo? Mwite mwanafunzi mmoja aweke ammita, kipimo cha mkondo wa umeme, kabla ya balbu A, katikati ya balbu mbili, na baada ya balbu B, na kila mara darasa libashiri kabla ya namba kuonekana. Kifaa kinafanya hapa kile ambacho waya halisi hauwezi, yaani kuonyesha kisichoonekana kwa macho. Stima ikipotea, wanafunzi sita wasimame kwenye duara wapokezane mawe madogo kwa mwendo mmoja. Mpangilio huo hauna usahihi wa kiigizi lakini unabeba wazo lile lile.

Dakika nane za mwisho ni za kuandika, kila mmoja peke yake, bila kifaa: nilifikiri nini, niliona nini, sasa ninaelezaje. Usiruhusu shughuli nyingine ichukue dakika hizi.

Hatua ya tano: Tengeneza slaidi na video zinazoheshimu kumbukumbu ya mtoto

Utafiti wa Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kuhusu kujifunza kwa maneno na picha umetoa kanuni ambazo mwalimu anaweza kuzitumia kesho. Picha pamoja na maelezo ya sauti hufundisha vizuri kuliko maneno peke yake. Picha za mapambo, muziki wa nyuma na vikaragosi vinavyochezacheza huvuta akili kando, kwa hiyo viondoe. Maneno yanayohusu sehemu ya mchoro yaandikwe karibu na sehemu hiyo, yasiwekwe chini ya ukurasa. Na kosa lililo la kawaida kuliko yote: usijaze aya nzima kwenye skrini kisha uisome kwa sauti neno kwa neno, kwani mwanafunzi hulazimika kukusikiliza na kusoma kwa wakati mmoja, na hakuna anachokipata kikamilifu. Acha mchoro uonekane, nawe uueleze kwa mdomo.

Video nayo isimamishwe kila baada ya dakika mbili au tatu kwa swali ambalo mwanafunzi analijibu kwa kuandika. Ukitumia akili unde (AI) kukuandalia maswali, yapitie yote kabla ya kuyapeleka darasani, hasa ya Kiswahili, kwa sababu programu hizo zinaweza kukosea ngeli kwa kujiamini kabisa. Wanafunzi wasiitumie kuandika insha zao: kazi ya akili uliyoiandika katika hatua ya kwanza itakuwa imefanywa na mashine, na hakuna nadharia hata moja kati ya hizi inayotarajia mtoto ajifunze kwa kazi iliyofanywa na mwingine.

Hatua ya sita: Wapange watu kabla ya kuwasha

Tableti moja kwa watoto watano au sita huwa mali ya mtoto mmoja mwenye mikono mepesi, na mara nyingi huyo ni mvulana. Weka kanuni hii na uisimamie bila kuchoka: anayeshika kifaa haamui, bali hufanya kile wenzake wanachomwelekeza. Kanuni hii huwalazimisha waeleze mawazo yao kwa maneno, jambo ambalo Vygotsky angelifurahia. Wengine wawe msomaji wa maswali, mwandishi, mtunza saa na msemaji, na zamu zibadilike kila baada ya dakika tano kwa ishara yako. Maelekezo yote yatolewe tableti zikiwa zimefunikwa kifudifudi. Ukishaziwasha, sauti yako imepoteza nusu ya wasikilizaji.

Mwanafunzi mwenye uoni hafifu au tatizo la kusikia apangiwe nafasi na msaada wake katika andalio lenyewe. Kukuza maandishi au kuwasha maelezo ya chini ya video ni mambo ya sekunde chache yakifanywa mapema, na ni aibu kwa mtoto yakifanywa mbele ya wote.

Hatua ya saba: Linda taarifa za watoto

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa binafsi za mtoto kushughulikiwa. Picha ya mwanafunzi akiwa na tableti ni taarifa binafsi. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya hapa Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Tumia programu zisizodai jina kamili, namba ya simu au barua pepe ya mtoto. Kama ni lazima ajisajili, mpe namba ya siri ya darasani. Rekodi za sauti na video za wanafunzi zibaki katika kifaa cha shule, zisiingie katika kundi la WhatsApp la wazazi.

Hatua ya nane: Pima kilichobaki, kisha uamue

Furaha ya watoto siku ya somo si kipimo, wala ukimya wao si kipimo. Rudia lile swali la balbu, pamoja na lingine lenye sura tofauti, baada ya wiki mbili na bila kuwaonya. Zoezi hilo lenyewe ni sehemu ya kufundisha: katika jaribio lililochapishwa na Henry Roediger na Jeffrey Karpicke mwaka 2006, wanafunzi waliorudia kusoma matini walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliokuwa wamejipima ndio walioongoza kwa mbali. Maswali mafupi ya kukumbuka mwanzoni mwa kila kipindi, ubaoni au kwenye tableti, yana faida kubwa kuliko marudio ya usiku mmoja kabla ya mtihani.

Shule nyingi za jijini zina mikondo miwili au zaidi ya gredi moja, na hiyo ni fursa. Fundisha 7 Mashariki kwa kiigizi na 7 Magharibi kwa vitu halisi na ubao pekee, ulinganishe majibu yao baada ya wiki mbili, halafu uwape wa Magharibi nafasi yao ya kukitumia kiigizi ili wasipungukiwe. Kama tofauti haionekani, rudisha projekta kabatini kwa mada hiyo bila kujuta na uitafutie mada nyingine. Kama inaonekana, andika katika rekodi ya kazi jina la faili, mahali ilipohifadhiwa, dakika zilizotumika, na swali lililowachanganya wengi, kisha mwalimu mwenzako wa mkondo wa pili umpe nakala kwenye flashi pamoja na zile balbu na waya.